Si Upo Tu Hapo?

Mji huu kazi inayoheshimika ni ile inayotoa jasho. Fundi ujenzi akishuka jukwaani, hata ndoo ya maji ya kuoga anakuta imeshawekwa bafuni. Mimi natengeneza programu za kompyuta, na kwa kuwa natengeneza nikiwa nimekaa, ukoo mzima na nusu ya mtaa wetu huku Kimara wamekubaliana kwamba sina kazi.

"Si upo tu hapo?" Hayo ndiyo maneno yao. Gesi ikiisha, si upo tu hapo. Fundi bomba akija, si upo tu hapo. Mtoto wa jirani akifungiwa nje, aje akae kwetu, baba yupo tu hapo.

Siku yenyewe inaanza kabla haijapambazuka. Basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri, linapiga honi mara moja, halisubiri kabila la mtu. Huyu wa darasa la pili tunamvalisha kalala. Soksi ipo moja. Ya pili nadhani ilishahamia Kigamboni. Akishaondoka, anaamka mdogo wake wa miaka minne, anataka uji, na siyo huu, anataka ule. Ule upi? Ule!

Siku za ofisini nazishukuru sana, nawaambia ukweli. Daladala la Makumbusho nimebanwa, konda anapiga kelele turudi nyuma na nyuma kwenyewe hakupo, lakini angalau pale hakuna anayenituma vitunguu. Shida ni siku za kufanyia kazi nyumbani. Aliyebuni utaratibu huo sidhani kama alikuwa na watoto, na kama alikuwa nao, basi alikuwa na mlango wenye komeo.

Saa tatu asubuhi kuna kikao cha timu. Kila mtu anaeleza jana alifanya nini, leo atafanya nini, na kitu gani kinamkwamisha. Wenzangu wanataja seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mfumo, wanataja benki fulani haijawajibu. Kinachonikwamisha mimi kimekaa mapajani kinabonyeza vitufe, na juzi kimemtumia bosi ujumbe wa herufi "k" thelathini hivi. Bosi akajibu, "Sawa." Mpaka leo sijui tulikubaliana nini.

Hapo nje muuza samaki anaita, jogoo wa jirani anamjibu, na gari la matangazo limeamua kuegesha dirishani kwangu kutangaza dawa ya kunguni. Naambiwa, "Kaka, zima maiki." Nimeizima tangu mwanzo! Hiyo ni sauti ya gari inayopenya kwenye maiki ya mwenzangu anayekaa mtaa wa pili.

Katikati ya kikao akaingia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umepumzika?"

"Hapana mama, nipo kazini."

"Haya, basi pumzika mwanangu, sikusumbui." Akavuta kiti, akakaa, akaanza kunisimulia msiba wa Mbagala.

Huyu mama mkwe tuna historia. Mtakumbuka tarehe 12 Mei 2024, siku ile intaneti ilipodorora nchi nzima. Nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Jumapili ile simu ya kwanza kuita ilikuwa yake: "Baba, mmeifanya nini WhatsApp?" Nikamweleza habari ya nyaya, bahari, umbali, taratibu, kwa heshima zote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa wewe si umesomea hayo? Nenda kaziunge."

Na hilo neno injinia nalo ni balaa. Ukijitaja hivyo, mjomba anakwambia ana kiwanja Chanika, njoo umpimie msingi. Ukisema ni wa kompyuta, anakuletea redio.

Sasa niwasimulie mnisaidie kucheka, maana wiki hiyo mama mkwe alipokuja kwenye kikao changu nilikuwa nafukuzana na hitilafu moja ya kishenzi. Mfumo wetu wa malipo ulikuwa na tabia: mteja akilipa usiku wa manane, risiti inamwambia amelipa jana yake. Wengine wote sawa, hawa wa usiku tu ndio wanarudishwa nyuma. Nimesoma programu mstari kwa mstari, haina kosa. Ughaibuni mtu akikwama hivi huweka bata wa plastiki mezani, akamweleza tatizo kwa sauti, na katika kueleza jibu linajitokeza. Ni jambo linalojulikana kabisa kwenye fani yetu. Mimi bata sina. Nina huyu wa miaka minne.

Nikamweleza. Akauliza kwa nini. Nikamjibu. Akauliza kwa nini. Nikamjibu tena. Akachoka, akanikata: "Baba, jana tutaenda kwa bibi?"

Kwake yeye jana ni siku yoyote ambayo siyo leo. Nikataka kumsahihisha, nikanyamaza. Yupo mwingine humu ambaye jana yake siyo jana yetu: seva! Seva inahesabu kwa saa za dunia, ziko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu. Sisi tukishaingia tarehe mpya saa sita usiku, yenyewe bado ni saa tatu usiku ya jana. Kwa hiyo kila anayelipa kati ya saa sita na saa tisa usiku anaandikiwa jana. Nikaruka kwenye kiti nikipiga kelele. Mama mkwe akamwambia binti yake kwa simu, "Mumeo anacheza tu na mtoto huku."

Jioni sisemi sana. Mteja wetu yuko London, na kila mwisho wa Oktoba wenzetu wanarudisha saa zao nyuma, basi kikao cha saa kumi na moja jioni kinahamia saa kumi na mbili, muda uleule wa kuogesha watoto. Mzungu amegusa saa yake, mwanangu analala na povu masikioni.

Saa nne usiku watoto wamelala, mama watoto kalala, nyumba imetulia, ndiyo nafungua kompyuta nifanye kazi ya kweli. Kundi la wazazi likaita: "Wapendwa wazazi, kumbukeni kesho watoto waje na majani mabichi ya mgomba kwa ajili ya somo la sanaa." Kumbukeni! Lini tuliambiwa?

Mgomba upo kwenye kiwanja cha nyuma, kinalindwa. Nikachukua kisu cha jikoni nikatoka na kandambili. Sijafika hata kwenye jani la kwanza, tochi ikanipiga usoni.

"Simama hapo hapo! Nani wewe?"

"Mimi mzee wangu, jirani. Yule wa kompyuta."

Tochi ikashuka. "Aaah, fundi! Kumbe upo? Kata tu majani, kata unayotaka." Akaingiza mkono kwenye koti. "Halafu ukimaliza uniangalizie hii simu, tangu juzi inaandika maneno ya Kichina."