Pima mwingiliano kutoka kwenye antena ya linki yenyewe

Linki ya redio, yaani redio mbili zinazowasiliana kwa sahani zinazotazamana, ikianza kusuasua, mafundi wengi hudhani ni mwingiliano (mawimbi ya redio nyingine kuingia kwenye chaneli yako) na hukimbilia kubadilisha chaneli. Kasi ikirudi wanashuka mnara. Ikianguka tena jioni wanajaribu chaneli nyingine. Huko ni kubahatisha, na spektramu analaiza (kifaa kinachoonyesha nguvu ya mawimbi kwenye kila masafa) iliyotumiwa ovyo haiponyi tatizo hilo, inaongezea tu grafu.

Kabla ya kuiwasha, soma nguvu ya mawimbi kwenye redio. Kama linki ilipigiwa hesabu ipokee -55 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyozidi kuwa hasi, mawimbi ni dhaifu zaidi) na sasa inapokea -70, achana na mwingiliano kwanza. Tafuta sahani iliyosogea, maji kwenye konekta au mti uliokua njiani. Dalili ya mwingiliano ni nguvu kubaki palepale huku modulesheni (namna data inavyopakiwa kwenye mawimbi) ikishuka, tuseme kutoka 256-QAM ya kasi hadi QPSK ya polepole, na pakiti zikitumwa upya kila mara.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kusimama chini ya mnara na analaiza ya mkononi yenye kiantena kifupi, kuona bendi tupu, kisha kuandika "hakuna mwingiliano". Sahani ya dBi 30 (kipimo cha uwezo wa antena kukuza mawimbi) inasikia upande ilikoelekezwa kwa zaidi ya dB 25 kuliko kiantena hicho. Unganisha analaiza kwenye sahani ya linki bila kuigeuza, upime polaraizesheni (mwelekeo wa mtikisiko wa mawimbi) ya wima, kisha ya ulalo. Zima redio ya ng'ambo, la sivyo utapima mawimbi yako mwenyewe. Pima ncha zote mbili, maana anayeumia ni mpokeaji: ncha moja inaweza kuwa safi na nyingine imejaa. Na usisahau kusoma kikomo cha nguvu kilichoandikwa kando ya tundu la kuingizia. Redio inayorusha ikiunganishwa hapo moja kwa moja inaweza kuunguza kifaa.

Kwenye skrini weka mistari miwili: Max Hold (unaoshikilia kiwango cha juu kabisa kilichowahi kuonekana) na wastani. Max Hold peke yake hutisha bure, kwa sababu kifaa kinachorusha kwa sekunde moja tu huacha alama ya kudumu. Wastani peke yake huficha mirusho mifupi. Mistari ikikaribiana, anayekuingilia anarusha karibu muda wote. Ikiachana sana, anarusha kwa vipindi. Iache dakika 15 hivi, urudie saa ambazo linki husumbua.

Wengi hukwama kwenye RBW, yaani upana wa kipande cha masafa ambacho analaiza inapima kwa wakati mmoja. Ukisoma kelele ya -100 dBm kwa RBW ya kHz 100, hiyo ni ya kHz 100 tu. Chaneli ya MHz 20 ina vipande 200 vya namna hiyo, kwa hiyo ongeza dB 23: kelele halisi ni -77 dBm. Linki inayopokea -60 inabakiwa na dB 17, na 256-QAM haisimami hapo. Lakini kwanza toa antena na ufunge tundu kwa tamineta ya omu 50 (kizibo kisichopitisha mawimbi ya nje). Mstari usiposhuka, unaangalia kelele ya analaiza yenyewe, washa priampu (kikuza mawimbi cha ndani). Ukishuku mawimbi ya uongo, ongeza atenyuesheni (upunguzaji wa mawimbi yanayoingia) dB 10: ya kweli hubaki palepale kwenye skrini, yaliyozaliwa ndani ya kifaa hushuka.

Vijistari vyembamba vinavyojirudia kila baada ya sekunde kadhaa kati ya MHz 5600 na 5650 huenda ni rada ya hali ya hewa. Hiyo hushindani nayo, hama.

Kwa kazi za kila siku, naiamini zaidi analaiza iliyomo ndani ya redio kuliko ile ya bei kali yenye antena isiyo yake, kwa kuwa inasikiliza kupitia sahani ileile. Haioni nje ya bendi yake, na kwenye redio nyingi linki hukatika inapofanya kazi, kwa hiyo usiiwashe upande wa mbali kama huna njia nyingine ya kuifikia. Ukikuta hakuna chaneli safi ya MHz 40, shuka hadi 20: kelele inapungua dB 3, na nafasi ya kukwepa jirani inaongezeka.