Pedali Iliyonong'ona

Pedali ya TS9, kile kisanduku cha kukanyaga kinachoikwaruza sauti ya gita la umeme, haina kosa. Ilitoka mwaka 1982, rangi yake ya kijani inajulikana majukwaa yote, na wapiga gita wenye vidole bora kuliko vyangu wameikanyaga miaka na miaka bila kusema inahitaji msaada. Tatizo ni mkubwa wake, TS808 ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo wenye nayo huitaja kwa sauti ya chini. Na tofauti kati ya hizo mbili, nilivyosoma, ni rezista mbili tu, vijipande vya kuubana umeme, karibu na tundu la kutolea sauti. Mbili! Mtu utalalaje?

TS9 ina rezista ya omu 470 (omu ni kipimo cha ubanaji) iliyokaa njiani, sauti ipite ndani yake, na nyingine ya kilo-omu 100, yaani omu 100,000, inayoshuka kwenda graundi, sauti inakopotelea. Kwenye TS808 ya njiani ni omu 100, na ya kwenda graundi ni kilo-omu 10. Badilisha hizo, wanasema, upate sauti yenye joto.

Mpwa wangu anapiga besi, kwa hiyo anajiona ndiye mwenye akili timamu kwenye ukoo. Akaniuliza, "Mjomba, hilo joto likija utalijuaje?"

"Utasikia mwenyewe," nikamwambia. Na kweli alisikia. Hata mama yake, aliyekuwa amelala chumba cha pili, alisikia.

Kazi tuliifanya usiku. Kutoa rezista za zamani kunataka subira, kwa sababu ukiung'ang'aniza moto mahali pamoja, shaba ya bodi inabanduka na mguu wa rezista. Halafu kuna moshi wa lehemu. Sijui nani aliufundisha, lakini kaa upande wowote wa meza, utazunguka ukufuate puani. Nililehemu jicho moja limefumba, jingine likitoa machozi, mpwa akishika tochi ambayo muda mwingi aliimulika simu yake.

Sasa, rangi, maana kipimo cha rezista huandikwa kwa mistari ya rangi. Rezista ya omu 100 ina mistari ya kahawia, nyeusi, kahawia. Ya kilo-omu 10 ina kahawia, nyeusi, chungwa. Ugomvi wote uko kwenye mstari wa tatu, mwembamba kama ukope, na chini ya balbu ya njano chungwa na kahawia ni mapacha.

"Mjomba, si tupime na mita?"

"Mita ni ya wasiojua rangi."

Nikafunga boksi, nikaweka betri ya volti 9, nikakanyaga. Taa nyekundu ikawaka vizuri kabisa. Nikapiga kodi (chord) ya E kwa mkono wa mtu anayefungua tamasha. Kwenye spika ikatoka kodi ya E ya mtu anayepiga gita nyumba ya tatu, madirisha yamefungwa.

Nikakanyaga tena kuizima pedali. Bado mnong'ono uleule. Hapo nikafurahi, maana kama imezimwa na sauti bado haipo, basi pedali haihusiki! (Anayeijua TS9 ameshacheka. Pedali hii hata ikizimwa, sauti ya gita hupita kwenye hatua yake ya mwisho ya kutokea, palepale penye zile rezista.) Tukashuku waya. Tukashuku gita. Mwisho tukaishuku amplifaya, na amplifaya inayoshukiwa dawa yake ni kuongezwa. Nikaipandisha kutoka 2 hadi 5, kutoka 5 hadi 8, hadi kitufe kikagoma kuzunguka. Gita likaanza kusikika kwa mbali, nyuma ya mvumo.

"Unalisikia joto?" nikamuuliza.

"Nasikia upepo, mjomba."

Halafu, kwa nia njema kabisa, akasema ngoja tujaribu bila pedali. Akachomoa waya wa gita kwenye pedali, akauchomeka moja kwa moja kwenye amplifaya. Amplifaya ipo kwenye 10.

Waya ulipogusa tu tundu, ulitoka mngurumo uliong'oa picha ukutani. Mpwa akashtuka, kiwiko kikazigonga nyuzi zote sita. Nikakimbilia swichi, nikajikwaa kwenye waya, gita likaanguka kifudifudi mbele ya spika na kuanza kupiga yowe lenyewe, yowe linalojilisha na kukua. Mpwa akajitupa kwenye vitufe kupunguza sauti. Alichopunguza ni besi. Yowe likabaki jembamba na kali zaidi.

Nilipofanikiwa kuchomoa plagi ukutani, dada alikuwa amesimama mlangoni, mto kifuani ameushika kama ngao.

"Ndilo joto lenyewe hilo?"

Mita ilipoletwa, kwa hiari ya wote, ilisema njiani imekaa kilo-omu 10 na inayokwenda graundi ni omu 100. Piga hesabu: katika kila sehemu 101 za sauti, inayotoka ni moja. Kinachouma ni kwamba rezista zikikaa sawasawa, ziwe za TS9 au za TS808, zinapoteza chini ya asilimia 1, kitu ambacho sikio halikigundui. Anayetaka mabadiliko ya kusikika aende kwenye rezista ya kilo-omu 4.7 iliyo kwenye chipu ya kukuza sauti. Hiyo ndiyo inayoamua pedali ikwaruze kiasi gani. Lakini sijasikia rekebisho jingine la TS9 ambalo hata mtu aliyelala alitambua tofauti papo hapo.

Kesho yake mchana, dirisha wazi na mita mezani, kila rezista ikarudi kwake. Pedali ikaimba. Mpwa akasikiliza, macho kafumba, akasema ni ileile ya zamani. Nikamwambia masikio ya besi hayo. Tukamwita dada aamue. Akasikiliza wimbo mzima kwa adabu, mikono kaifunga.

"Nzuri," akasema. "Na ile ya jana, kabla hamjachomoa waya? Ile iliyokuwa haisikiki. Ile haiwezi kurudi?"