Tembo "wamevamia" au wameng'oa mahindi?

Habari ya tembo ikitoka katika magazeti ya Tanzania au Kenya, kitenzi tunakijua kabla ya kusoma: wamevamia. Watu wa uhifadhi hukipinga, na wana hoja. Anayevamia ana nia mbaya, na mvamizi hupigwa. Tembo mkubwa hula kama kilo 150 kwa siku. Harufu ya mahindi yaliyokomaa inamtosha kuvuka mpaka wa hifadhi.

Lakini kaeni chini na mkulima aliyelala na shamba akaamka na mabua. Kumwambia kwamba tembo "walipita" kwake ni kumdhulumu mara ya pili. Kitenzi kilichopoa nacho kina upande.

Wanaompenda tembo nao huvuka mpaka. Kwao anaomboleza, anasamehe, analipiza kisasi. Hifadhi ya Samburu, Kenya, Oktoba 2003, jike kiongozi ambaye watafiti walimwita Eleanor alianguka. Grace, wa familia nyingine, alimwendea, akampapasa kwa mkonga, akamnyanyua kwa pembe, akamsukuma atembee. Eleanor akaanguka tena na kesho yake akafa. Siku zilizofuata tembo wa familia mbalimbali walifika kwenye mzoga, wakaunusa na kuugusa. Hapo kuna haja gani ya "kuomboleza"? Kunyanyua na kusukuma vimeshanibana koo, na hakuna anayeweza kuvibisha.

Tahadhari hiyo ya kutokimbilia vitenzi vya moyo ina sababu. Mtafiti Karen McComb na wenzake walichapisha mwaka 2006 majaribio yao ya Amboseli, Kenya: tembo walichunguza zaidi fuvu la tembo kuliko la faru au nyati, na meno ya tembo yaliwavuta zaidi. Ila walipowekewa mafuvu ya majike viongozi, hawakuonyesha kulipendelea la kiongozi wao wenyewe. Aliyeandika "wanazuru makaburi ya ndugu" alikwenda mbali kuliko ushahidi.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka tembo aandikwe kama mashine: "alionyesha mwitikio". Huko ni kuficha kilichoonekana kwa macho. Kiswahili kina vitenzi tele vya mwili huu mkubwa: hubandua magome ya mibuyu, hupepea masikio, hugaagaa kwenye matope, hujimwagia vumbi, hunguruma kwa sauti nzito ambayo sehemu yake sikio letu halisikii. Kitenzi cha mwili kwanza. Cha moyo kije pale tu matendo yanapokidai.

Na kanuni hiyo ndiyo inayomfaa mkulima zaidi. Nchini Tanzania anayeharibiwa mazao huomba kifuta jasho, yaani pesa za pole za serikali, na aliyefiwa au kujeruhiwa, kifuta machozi. "Wamevamia" haimwambii mkaguzi chochote. Andika kwamba walibomoa uzio, wakang'oa mahindi, wakakanyaga mihogo, wakapasua ghala, na hasara itahesabika.