Usinunue Meli Unayoipenda

Nimeusikia tena wiki hii ushauri ule, na safari hii umenikera hasa. Kijana anataka kuunda meli yake ya kwanza ya mfano, ndogo, ya mbao, zile za kuuzwa vipande ndani ya kasha, akauliza aanze na ipi. Mkongwe mmoja akamjibu kama nabii: "Nunua ile unayoipenda. Mapenzi yatakuvusha."

Kijana, masikini, kapenda Victory.

Victory! Meli ya Nelson, yule amiri wa Kiingereza, iliyoshushwa majini 1765, mizinga 104, milingoti mitatu, na kamba ambazo kuzijua majina tu ni kazi ya msimu mzima. Mwingine namjua kapenda Vasa, ile ya Sweden iliyozama Stockholm mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, haijamaliza hata kilomita mbili. Huyo angalau kajitabiria.

Sina ugomvi na mizinga. Hata kamba ni subira tu, fundo baada ya fundo. Kinachowamaliza watu ni mwili wa chombo. Fungua kijitabu cha maelekezo: picha ya kwanza mkuku, ndio uti wa mgongo wa chombo, na mataruma, ndizo mbavu zake, maneno matatu, "sasa bandika mbao", picha ya pili chombo kimekwisha vaa mbao, kinang'aa. Kati ya picha hizo mbili ndipo makasha mengi yanaporudishwa juu ya kabati.

Maana hakuna anayekwambia kwamba taruma la katikati lina tumbo na la omoni, mbele kabisa, ni jembamba, ilhali idadi ya mbao ni ileile. Kwa hiyo kila ubao sharti uupunguze upana kuelekea omo. Usipoupunguza, mbao zinapandana, unazilazimisha kwa pini, zinapasuka. Kabla ya hapo ulipaswa kuchukua tupa ukachonga kingo za mataruma kwa mshazari, ubao ulale juu yake wote, si kugusa ncha tu. Na ukibandika mmoja kulia, unaofuata uwe kushoto. Maliza upande mmoja kwanza uone mkuku utakavyopinda kama ndizi. Haya yote mkono ndio unaoyajifunza, na mkono haujui kupenda.

Ndiyo, makasha mengi yana tabaka mbili za mbao, na la kwanza ukiliharibu unaziba kwa puti, unapiga msasa, la pili linasitiri aibu. Nakubali. Lakini puti haimfundishi mtu kitu.

Anza na dori. Mashua ya wavuvi wa chewa wa Gloucester, Marekani, ubavu mnyoofu, chini bapa, mbao chache pana. Walikuwa wakizipanga juu ya sitaha ya skuna, merikebu yao ya matanga, moja ndani ya nyingine kama sufuria. Haina mzinga. Haitamshangaza mgeni sebuleni. Lakini kila ubao wake unaonekana nje na ndani, hakuna pa kuficha, na ukiimaliza unajua ubao unataka nini. Mafundi wa Matondoni kule Lamu wanaunda vyombo bila ramani ya karatasi, macho yao ndiyo ramani, na bado sijaona mwanagenzi anayekabidhiwa jahazi siku ya kwanza.

Gundi: ya mbao, nyeupe. Ile ya papo hapo itakugandisha vidole. Vibanio vya nguo vinatosha, usiuziwe vya bei.

Na kama ni mapenzi, basi na mimi nina yangu: mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu. Mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi, hakuna msumari, tanga la mkeka. La jahazi la Kiarabu kasha lipo, Wahispania wanalitengeneza, haya, hongera zao. La mtepe sijapata kuliona dukani. Atakayelileta nitalinunua, nitaliweka kabatini, na nitamaliza kwanza dori ya pili, kwa sababu ya kwanza ubavu wa kushoto bado haunikoshi.