Garratt Iliyotaka Kwenda Nairobi na Taveta kwa Mpigo

Mimi ni fundi stima wa majumbani, na nyumba niliyoifunga waya haijawahi kuungua. Nalitanguliza hilo ili tukifika kwenye moshi usinifikirie vibaya.

Kilichoungua ni Voi. Stesheni nzima ya Voi, ya reli za mfano, kwa kipimo cha 1:87, juu ya ubao wa mita 2.4 kwa sentimita 60, katika ukumbi mmoja hapa Manchester, siku ya Jamhuri, 12 Desemba, mbele ya Wakenya kama sitini na sufuria tatu za pilau. Kwa kipimo hicho reli yetu ya zamani ya mita moja inapaswa kuwa na upana wa milimita 11 na nusu. Madukani wanauza ya milimita 12, na hiyo nusu milimita hakuna Mtaita atakayekuja kuidai.

Pointi zilikuwa sita. Pointi, kwa asiyezijua, ni pale reli inapogawanyika na treni ikachagua pa kwenda. Pointi namba 1 ndiyo yenye kesi: moja kwa moja ni Nairobi, kushoto ni tawi la Taveta. Na injini ya kuonyesha watu ilikuwa Garratt, injini ya mvuke ya daraja la 59 iitwayo Mount Shengena, ambayo niliiunganisha kipande kwa kipande kwa miezi minane. Zile za kweli zilikuwa 34, zikajengwa na Beyer, Peacock papo hapo Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Kwa hiyo ilikuwa kama tunairudisha kwao. Garratt ina seti mbili za magurudumu ya kuvuta, moja mbele na moja nyuma, na boila limelala katikati kama mgonjwa kwenye machela. Likumbuke hilo.

Waya nilizifunga nikiwa nimelala chali chini ya ubao, kama fundi gari. Usifanye hivyo. Ukitazama kutoka chini, kushoto kunakuwa kulia, na tone la lehemu ya moto likidondoka halidondoki mezani. Nina kovu kifuani la ukubwa wa punje ya mchele. Ubao husimamishwa kwa ubavu, ukauegemeza kwenye viti viwili, waya zikakutazama usoni nawe umekaa na chai yako.

Mota ya pointi ya aina ya koili ni kitu kidogo tu. Koili mbili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, zimewekwa zikiangaliana, katikati kuna kijiti cha chuma. Koili ya kushoto ikipata stima inakivuta kijiti, ndimi za pointi, zile reli mbili nyembamba zinazosogea, zinalala kushoto, tak, kwisha. Waya ni tatu: mmoja wa kila koili, na mmoja wa pamoja. Sasa fundi wa nyumba akisikia "waya wa pamoja" moyo wake unasema "nyutro", ule waya wa kurudisha umeme, na anatulia. Nikaamua, kwa busara zangu, kwamba mweusi ndio wa pamoja kwenye mota zote sita. Kwenye tano nilipatia. Ya namba 3 ilikuwa mota kuukuu ya kununuliwa mkononi, na aliyeifunga kabla yangu alikuwa na busara zake.

Dalili yake ni hii: kitufe kimoja kinafanya kazi vizuri kabisa, cha pili kinatoa sauti ngrrrrr kama nyuki ndani ya kopo na ndimi hazisogei. Sababu ni kwamba umeme, badala ya kupita koili moja, unapita zote mbili kwa mfululizo. Moja inavuta kushoto, ya pili kulia, kijiti kinatetemeka katikati kama mtoto wa wazazi waliogombana. Niliisikia ile ngrrrrr nikiwa jikoni kwangu siku mbili kabla. Nikasema nitaiangalia baadaye.

Kosa lililofuata linaniuma zaidi, maana hili nalijua hata usingizini. Mota za koili zinataka kishindo kifupi chenye nguvu, si umeme wa kudumu. Kwa hiyo huwekwa kapasita: inajaa taratibu, ukibonyeza inajimwaga yote mara moja. Transfoma yangu ni ya volti 16, umeme wa mawimbi. Nikachukua kapasita iliyoandikwa volti 16. Kumi na sita kwa kumi na sita, nikapiga mluzi. Lakini volti 16 za mawimbi ni kipimo cha kazi yake tu. Kilele cha wimbi kinafika 22 na ushei, na baada ya dayodi, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu, kapasita inajaa hadi kileleni. Jikoni ilivumilia siku nne. Ukumbini, saa tano asubuhi, ilisema PA! na kutoa harufu ya papa aliyesahauliwa juani. Akina mama wa pilau walifunua sufuria zote tatu, mmoja akauliza kwa sauti ni nani aliyeleta samaki.

Mtu mwenye akili angefunga duka hapo. Mimi nilitoa kapasita nikaunga vitufe moja kwa moja kwenye transfoma, ambayo inatoa ampea 5 bila kulalamika. Kisha nikafanya majaribio ya mwisho: nikasukuma behewa la mizigo kwa kidole kupita kila pointi. Likateleza vizuri. Nikatangaza kwamba reli iko tayari.

Hapa lazima nieleze chura. Kile kipande cha umbo la V ambapo reli mbili zinakutana katikati ya pointi, Waingereza wanakiita chura, nami sijapata jina jingine. Kwenye pointi zangu chura ni wa chuma na ana umeme. Njia ikiwa ya Nairobi anatakiwa awe chanya, ikiwa ya Taveta awe hasi. Kumgeuza ni kazi ya swichi ndogo iliyofungwa kwenye mota: mguu wa kati unakwenda kwa chura, miguu miwili ya pembeni inakwenda kwenye reli mbili za nje. Na reli mbili zinazotoka kwake lazima ziungwe kwa viungio vya plastiki, si vya chuma, chura abaki kisiwani peke yake. Viungio niliweka sawasawa. Ile miguu miwili ya pembeni, kwa sababu ya kulala chali, niliibadilishana.

Ubaya wa kosa hili ni ukimya wake. Hakuna cheche, hakuna taa. Mita inasema shwari. Shoti imejikalia pale ikisubiri gurudumu la chuma liguse reli na chura kwa pamoja. Na lile behewa langu la majaribio? Magurudumu ya plastiki. Ningesukuma andazi ningepata jibu lilelile.

Saa saba watu wakajaa. Mzee mmoja, aliyefanya kazi relini enzi za Reli za Afrika Mashariki, akapewa kiti cha mbele. Nikabonyeza kitufe cha Taveta. Tak. Nikafungua rimoti, Garratt ikatoka upande wa Mombasa, watu wakapiga vigelegele.

"Kijana," Mzee akasema, "hiyo inakwenda wapi?"

"Taveta, Mzee."

"Hiyo ni tani 252. Reli za tawi lile zingeikataa. Hizo zilikuwa za Mombasa na Nairobi."

Nilikuwa bado natafuta jibu la heshima wakati gurudumu la mbele la kuvuta lilipomkanyaga chura. Shoti. Taa nyekundu ya rimoti ikawaka, injini ikasimama, nusu yake imeshavuka ndimi, nusu bado iko nyuma.

Nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya kitu kikikwama: nikabonyeza kitufe kingine. Cha Nairobi. Fuatilia vizuri, maana hii ni mantiki safi. Ndimi zikaruka upande wa Nairobi, na swichi ndogo nayo ikamgeuza chura. Lakini kwa kuwa miguu ilikuwa kinyume, ndimi zikielekea Nairobi ndipo chura alipata umeme wa Taveta, ule hasa uliotakiwa na gurudumu lililokuwa juu yake. Shoti ikapona palepale. Rimoti, ambayo sikuwa nimeifunga, ikaamka kwa nguvu zote. Seti ya mbele ikashika njia ya Taveta. Seti ya nyuma ikafuata ndimi, ikashika njia ya Nairobi. Boila, maskini, likaanza kwenda Tsavo kwa ubavu.

Miezi minane ya kazi ilipinda kama mkunjo wa kiwiko, ikasimama juu ya magurudumu manne, kisha ikalala juu ya ofisi ya stesheni masta.

Ukumbi ukawa kimya. Mzee akasafisha miwani yake. "Nilikwambia ilikuwa inakataa," akasema.

Sasa sote tumeinama tunaokota vipande, na hapo mtoto wa miaka mitano akagundua kitufe cha pointi namba 3. Ngrrrrr. Akakipenda. Akakibonyeza hakuachia. Hesabu yake niliifanya baadaye nyumbani: koili mbili za ohm 4 kwa mfululizo ni ohm 8, volti 16 kugawa kwa 8 ni ampea 2, jumla wati 32, yaani 16 kwa kila koili, na koili yenyewe haizidi njugu. Pasi yangu ndogo ya kulehemu ni wati 15. Moshi ulitoka kwenye choo cha stesheni, jambo ambalo watoto wote walilishangilia kuliko kitu chochote nilichopanga.

Nikang'oa plagi ukutani. Mzee akaenda mezani kwenye chakula, akamaliza mshikaki wake taratibu, akarudi na kijiti. Akakipitisha kwenye pau inayounganisha ndimi za pointi namba 1, akazisukuma kwa ncha, akainama kutazama kama zimelala barabara kwenye reli. "Mombasa–Nairobi iko wazi," akasema. Tukarudisha umeme wa reli tu, nikaweka injini ndogo ya magurudumu machache, na alasiri yote treni zikaendeshwa kwa kijiti cha mshikaki bila ajali hata moja. Injini ilipofika kwa chura ilibidi niisukume kwa kidole. Hilo halikuonekana kumsumbua mtu.

Nyumbani, ubao ukasimama kwa ubavu. Mota namba 3 niliipima: upande mmoja ohm 1 na nusu, maana vanishi inayokinga waya imeyeyuka na mizunguko inagusana, upande wa pili mita haikusoma chochote. Takataka. Mota mpya niliipima kabla ya kugusa lehemu: weka mita kwenye ohm 200, gusanisha ncha zake kwanza ujue inadanganya kiasi gani (yangu ni 0.3), kisha pima waya mbili mbili. Jozi mbili zilinipa 4, jozi moja ikanipa 8. Jozi ya 8 ni ncha za koili. Waya uliobaki nje ndio wa pamoja, uwe na rangi yoyote. Nikauvalisha kipande cha mrija mweupe.

Kapasita niliweka mbili za mikrofaradi 2200, volti 35, sambamba, nyuma ya dayodi na rizista ya kubana umeme, ya ohm 100, wati 5. Sasa mtoto akibonyeza hadi Krismasi, koili inapata kishindo kimoja na baada ya hapo mtiririko mdogo tu. Ukiachia, hesabu sekunde mbili ijae tena.

Chura ilikuwa waya mbili kubadilishana mahali. Dakika tatu, pamoja na kupasha pasi. Na kwa majaribio nikaunga balbu ya gari ya volti 12, wati 21, kwa mfululizo kwenye waya wa reli, nikachukua ekseli moja ya magurudumu ya chuma niliyoikopa kwenye Garratt, nikaisukuma kwa fimbo ya plastiki juu ya kila pointi, kila upande. Balbu ikiwaka, hapo pana shoti. Iliwaka pointi namba 5. Kumbe hiyo nayo.

Januari nikamwalika Mzee aje aone. Akabonyeza Nairobi, tak. Akabonyeza Taveta, tak. Akarudia mara sita, akasubiri zile sekunde mbili kila mara bila kuambiwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatoa kile kijiti cha mshikaki kwenye mfuko wa koti, akakilaza pembeni mwa pointi namba 1.

"Na stima ikipotea?"