Miezi minane nasikiliza losilesi ambayo haikuwepo

Wakuu habari za baridi, huku Uyole, Mbeya, asubuhi vidole havikunji. Leo nataka niongelee haya mabishano ya saraundi, yaani sauti ya kukuzunguka kwa spika nyingi: ya losilesi, isiyotupa kitu, na ya losi, ile inayokata sauti, ila kwanza nijichome mwenyewe maana nimewasumbua watu sana na hii mada.

Nina amplifaya ya mtumba ya 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, deki ya Blu-ray, spika tano ambazo mbili tu ndo zinafanana, na sabufa. Nikapata diski ya tamasha la kwaya yenye traki ya DTS-HD Master Audio, fomati ya saraundi ya losilesi kabisa, na kwa miezi minane kila mgeni akiingia namkalisha katikati ya kochi namwambia sikiliza hiyo hewa kati ya waimbaji, kwenye losi huipati hiyo! Watu wanatikisa kichwa kwa adabu, wanakunywa chai wanaondoka.

Siku hiyo akaja jamaa yangu mmoja fundi redio, hata hakukaa. Akainama kwenye kioo cha amplifaya akasoma, akaniuliza kaka mbona hapa pameandikwa DTS tu? Nikamwambia ndo hiyo hiyo. Akazunguka nyuma, akavuta kebo, akanionyesha kile kitaa chekundu cha optiki. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Iko hivi. Ile kebo ya optiki haipitishi losilesi ya chaneli sita. Inapitisha PCM, yaani sauti isiyobanwa, ya chaneli mbili, au Dolby Digital na DTS za kawaida ambazo ni losi, basi. Sasa ndani ya DTS-HD Master Audio kuna kiini cha DTS ya kawaida ya kama megabiti 1.5 kwa sekunde, na juu yake kuna nyongeza ya kurudisha kila kilichokatwa, kwa hiyo deki ikiona njia ni ya optiki inatoa kiini tu, nyongeza inabaki kwenye diski. Ukiweka diski ya TrueHD, losilesi ya Dolby, ni vilevile, inakupa Dolby Digital iliyowekwa kwa ajili ya mitambo ya zamani, isiyozidi kilobiti 640. Miezi minane nasifia hewa kati ya waimbaji, hewa yenyewe imetoka kwenye losi!

Nikashuka Mwanjelwa kununua kebo ya HDMI, nikachomeka, kioo kikaandika jina refu, moyo ukatulia. Jamaa akasema haya geuka uangalie ukuta. Akawa anabadilisha yeye, mara losilesi, mara kiini, jumla mara 20, mimi nataja. Nikapata 11. Hapo ni sawa na kurusha shilingi juu, na hii diski nilikuwa naijua kuliko nyimbo za shule.

Kwa wasiojua hii kukata inafanyikaje, ukiwa pale Kabwe basi likipiga honi humsikii muuza karanga hata kama yuko begani kwako, si ameita lakini sikio limefunikwa. Losi inafanya hesabu hiyo hiyo, inamtupa muuza karanga kwa sababu honi ipo. Losilesi inafunga mzigo wote vizuri na ukiufungua kila punje ipo, ndo maana ni mzito: chaneli sita za biti 24 kwa kilohezi 96 kabla ya kufungwa ni karibu megabiti 14 kwa sekunde.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi losi zote ni sawa. Dolby Digital ya DVD inaishia kilobiti 448 kwa chaneli zote sita, wakati CD ina 1,411 kwa chaneli mbili tu, hapo kisu kimepita kweli na masafa ya juu ya chaneli tofauti huwa yanaunganishwa ili kubana nafasi. Tukaijaribu pia na diski nyingine, nikapata 15 kati ya 20, na karibu zote ni kwenye makofi na kayamba, kayamba inakuwa kama mtu anakaanga kitu. Kwenye sauti za watu, bure kabisa.

Na kabla ya jaribio ilibidi tusawazishe sauti kwanza, hili watu wanaliruka kila siku. Dolby Digital ina alama ndani inayoiambia amplifaya ipunguze sauti, mara nyingi kama desibeli 4 hivi, DTS ya diski hiyo hiyo inatoka juu zaidi. Mtu anasikia kubwa anasema ndo bora. Nusu ya ligi zote za DTS na Dolby mtaani ni volyumu tu jamani.

Nusu nyingine ni miksi, yaani jinsi injinia alivyopanga vyombo. Mtu anachukua Atmos, saraundi ya Dolby, ya kustrimu, mfano Apple Music ambao walianza nayo 2021, anaipambanisha na stirio ya losilesi ya wimbo huo huo, anatoa hukumu kuhusu ubora wa fomati. Hiyo Atmos ni losi ya kama kilobiti 768 lakini injinia alikaa upya akapanga vyombo upya, ni kazi mbili tofauti, umelinganisha ugali na wali halafu unalaumu sufuria. Mimi miksi nzuri ya losi naichukua mbele ya losilesi iliyopangwa hovyo, na bando langu pia linaafiki, saa nzima ni kama megabaiti 345.

Losilesi naing'ang'ania sehemu moja tu, kuhifadhi. Nikiwa na diski naitunza kama FLAC, faili la losilesi, inabeba mpaka chaneli nane, maana ukitoa losi kwenda losi nyingine ni fotokopi ya fotokopi, ya tatu hata muhuri husomi.

Ila kilichoniuma siku ile hata si kebo. Jamaa wakati anaondoka aliuliza hii spika ya nyuma kulia inamwimbia nani, kumbe iko juu ya kabati imetazama pazia, tangu nihamie. Tukaishusha, tukaifunga kwenye stuli, ikaangalia kochi. Tukarudisha kwaya, kwenye kiini tu, wala si losilesi, na kwa mara ya kwanza nikasikia mwimbaji mmoja wa besi nyuma yangu kulia anachelewa kidogo kuingia kwenye kiitikio. Miezi minane alikuwepo. Dakika mbili mvua ikaanza kwenye bati na hatukusikia tena kitu, si yeye si mwingine.

Kebo ya optiki ninayo bado, anayeihitaji aje Uyole achukue bure.