Gari la Porini Lisilopajua Porini

Nilinunua pikapu inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne kwa sababu moja tu: shamba langu la mpunga liko Mlimba, mimi naishi Morogoro, na baina ya Ifakara na Mlimba kuna udongo mweusi ambao wakati wa masika humshika mtu mguu, naye akijaliwa kujinasua hujinasua bila kiatu. Muuzaji aliniapia kwamba gari lile limetoka Japani likiwa halijapata kuingia matopeni. Miaka 2 imepita na kiapo chake kingali kweli tupu, kwa kuwa hata mikononi mwangu halijaingia. Watu wakiniuliza iwapo limewahi kunikwamisha porini, huwajibu kwa kiburi kwamba halijafanya hivyo hata siku moja. Wenye akili hawaendelei kuuliza.

Shida huanza alfajiri. Injini ya dizeli ina hita zake za kupasha silinda kabla ya kuwaka, na kati ya hita 4 za gari langu zinazofanya kazi ni 2, basi asubuhi za Juni, upepo wa Uluguru unaposhuka, injini huwaka upande mmoja huku upande wa pili ukiwa bado unatafakari. Gari zima hutetemeka kama mgonjwa wa malaria na kutoa moshi mweupe ambao hujaza mtaa. Majirani wa nyuma huanua nguo zao. Jirani wa mbele, mzee mstaarabu sana, aliwahi kunisimamisha na kunishukuru kwa jitihada zangu za kupunguza mbu.

Likishawaka, huchemsha. Fundi wangu alilitazama, akafungua thamostati, akaitupa kwenye majani, akanieleza kwamba kile ni kifaa cha nchi za theluji na sisi wa nchi ya joto hakituhusu. Baadaye sana nilielewa kwamba kifaa hicho ni mlango unaoyazuia maji mpaka injini ipate joto lake la kazi, na kwamba bila huo mlango injini hubaki baridi na kunywa dizeli kama ngamia aliyefika kisimani. Na ugonjwa wenyewe haukuwa huko, kwani rejeta, ile inayopooza maji ya injini, ndiyo iliyokuwa imeziba. Kwa hiyo sasa nina gari ambalo kwenye tambarare haliwezi kupata moto na kwenye mlima haliwezi kupoa.

Fundi huyo ana tabia moja inayonishinda. Kila akifungua boneti hushika kichwa na kuuliza kwa uchungu, “Mzee, nani alikuharibia gari namna hii?” Safari iliyopita alikuta bomba limefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu, akawalaani mafundi wa siku hizi kwa muda mrefu, nami nikasubiri amalize ndipo nikamkumbusha kwamba bomba lile alilifunga yeye mwenyewe wakati wa Ramadhani. Aliinama, akalitazama tena kwa makini. “Basi aliyefunga hapa,” akasema, “alitumia akili.”

Yako mambo ya difu pia, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli, linalogawia magurudumu nguvu. Difu ikiwa ya moto halafu ikapoozwa ghafla, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta chochote kilicho nje, na ndiyo maana ina kijibomba cha kupumulia ambacho mwisho wake hupandishwa juu. Wenzangu huharibu difu zao wakivuka mito, wakarudi na hadithi. Mimi niliharibu yangu kwa kuosha gari. Kijibomba kilikuwa kimekatika, mwoshaji akaelekeza mpira wa maji chini ya gari lililotoka safarini, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi alichovya kidole, akakitazama, akasema bado sukari.

Mwezi wa 5 mwaka jana niliamua kwamba potelea mbali, tutafika Mlimba. Tulifika Hifadhi ya Mikumi. Barabara kuu hukata katikati ya hifadhi kwa takribani kilomita 50, na kwenye lango kuna lile bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama anayegongwa. Nililisoma kwa utulivu kabisa, maana gari langu halina uwezo wa kumgonga hata kobe asipotaka mwenyewe. Mbele kidogo taa ya injini iliwaka, mwendo ukashuka hadi kilomita 40 kwa saa, kisha gari likasimama kabisa. Kushuka ni marufuku kwa sababu ya wanyama. Nyani walikuja, wakakaa juu ya boneti, na mmoja akashughulika na waipa kwa ustadi ambao sijawahi kuuona kwa fundi yeyote. Mke wangu alipiga simu. “Baba Watoto, mmefika Ifakara?” Nikamwambia tuko njiani, na huo haukuwa uongo. Hatimaye askari wa hifadhi alikuja, akaniamkia kwa adabu, akanieleza kwamba hapo hairuhusiwi kuegesha gari.

“Mwanangu,” nikamwambia, “mimi sijaegesha. Nimeegeshwa.”

Lilipovutwa hadi gereji, kijana mmoja aliliunganisha na kompyuta yake, ikaanza kutaja kasoro moja baada ya nyingine. Ilipofika ya 14 aliomba kwanza tukanywe chai. Mpunga wa mwaka ule ulikuja nyumbani kwa basi.

Mwaka huu mke wangu alitoa hukumu: gari lipelekwe shambani, liondolewe viti, liwe kibanda cha mlinzi. Tulilipandisha juu ya lori lililokuwa likienda tupu kufuata mpunga, nami nikakaa mbele na dereva, nikiwa na furaha ya ajabu, kwa kuwa pikapu yangu ilikuwa inakwenda Mlimba bila kuchemsha. Tulipoipita Ifakara mvua ilikuwa imenyesha siku 3 mfululizo. Lori lilizama hadi kwenye ekseli. Dereva alilizunguka likiwa limeinamia upande mmoja, akalitazama tope, kisha akainua macho taratibu mpaka juu, kwenye matairi yangu makubwa yenye meno mapya ambayo hayajapata kukanyaga udongo, na ubavuni palipoandikwa kwa herufi nyekundu kwamba gari hili huvuta kwa magurudumu manne.

“Mzee wangu,” akasema kwa matumaini, “tukiweka magogo, hili si tunaliteremsha litutoe?”

Nilimwambia ufunguo nimeusahau Morogoro.